Mlima wa Nyamaza Siushushi

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, ila mkono unabaki chini ya dawati kama umefungwa kamba. Kwa hiyo ninachora. Shuleni kwetu Baraka hatuna picha za kuchapishwa za kufundishia, basi walimu hunipa magunia ya unga yaliyofuliwa na kunyooshwa, nami nachora figo, utumbo uliojikunja, muhogo na mizizi yake. Moyo niliuchora mwaka jana. Mwalimu wa biolojia anautundika ubaoni na kuupiga fimbo: hapa damu inaingia, hapa inatoka. Kila darasa limeshaupiga.

Huo moyo ndio ulioniletea kazi ya ramani. Alikuja shuleni bwana mmoja, mkuu wa mradi wa njia, akauona, akauliza nani amechora. Wenzangu wakanisukuma mbele. Mimi nikaangalia viatu vyake.

Tulimwita Papa Injeniya. Mradi wake ulikuwa wa njia ya miguu inayotoka kwetu Baraka, kwenye ziwa, mpaka Minembwe, juu kwenye nyasi za ng'ombe. Njia yenyewe iko tangu zamani. Ni ya bamama, akina mama wanaopandisha chumvi, sabuni na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na ya watu wa juu wanaoshusha maharagwe na ng'ombe. Mradi ulitaka kuitengeneza: miti ya kuvukia kwenye vijito, alama za rangi kwenye mawe, na kibanda cha kulala chenye paa la mabati na tangi la kukinga mvua. Kibanda kimoja tu. Kingewekwa wapi, kamati ingeamua ikishaiona ramani, na ramani ningeichora mimi, pamoja na picha za rangi na kitu alichokiita profili.

"Kata mulima kama vile unakata mukate," aliniambia, "halafu uangalie ule upande umekata."

Nilielewa mara moja. Kwenye karatasi ya miraba, kwenda kulia ni umbali, kwenda juu ni urefu. Mlima mzima na mabonde yake yote unakuwa mstari mmoja. Nilifurahi kupita kiasi, nisifiche. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mkubwa kunipa kazi bila kuniambia kwanza niongeze sauti.

Mama yangu ni mmoja wa hao bamama wa chumvi. Papa Injeniya hakuniuliza hilo, nami sikumwambia.

Profili ya kwanza niliiharibu, na niliiharibu kwa namna ambayo mtu wa kwetu tu ndiye anaweza. Mradi ulikuwa umetuma kijana mmoja na telefone inayosoma urefu. Kufika katikati moto wa telefone, yaani chaji, ulikwisha. Kati ya kijito cha mwisho cha bondeni na ukingo wa nyasi za juu, hakukuwa na namba hata moja. Papa Injeniya akasema, "Uliza watu, watakuambia." Basi nikaenda kusimama pale njia inapomwagikia mjini, na karatasi yangu, na moyo unanidunda kwa haya. Nikawauliza waliokuwa wanashuka: kutoka kijito mpaka juu, kuko mbali?

"Apana, iko pale tu."

"Ukishapita mawe, ulishafika."

"Mutoto, ile ni kidogo. Unapanda huku unaongea."

Wote walisema hivyo, bamama na wachungaji, wa chini na wa juu. Nikashukuru, nikaenda nyumbani, nikachora kilima kidogo kama mgongo wa mbuzi aliyelala.

Mama alikuwa anachambua ndagala. Akainua macho kwenye karatasi. "Huu ni mulima ya wapi?"

"Wa njia yenu, Mama."

Hakucheka palepale. Alimwita kwanza jirani, mwenzake wa safari, ili wacheke pamoja.

"Kuja uone. Mutoto wangu alituondolea Nyamaza."

Jirani akaiangalia karatasi kwa kuinamisha kichwa. "Ee, asante, mwanangu. Kesho mi nitapanda na beseni mbili."

Nyamaza ni mteremko ulio baada ya kile kijito. Wanauita hivyo kwa sababu hakuna anayeweza kuupanda huku anaongea. Na mimi, niliyezaliwa na kulishwa na njia hii, nilikuwa nimekwenda kuuliza na kalamu mkononi kana kwamba sijui desturi yetu. Kwetu mtu anayepanda humwambii ni mbali. Kumwambia ni mbali ni kumwongezea jiwe kwenye mzigo. Anayeshuka, hata kama ametoka kileleni tangu asubuhi na sasa jua limeinama, akikutana na anayepanda anamwambia, "Mulishafika." Anayepanda anashukuru. Kila mmoja anajua. Wale watu waliona mtoto anauliza njia, wakafikiri nakwenda kupanda, wakanihurumia. Huruma yao nikaiweka kwenye miraba, nikaipigia rula.

Ikabidi niende mwenyewe. Ilikuwa likizo, na siku zile njia ilikuwa imetulia. Bamama wanajua kabla ya wengine wote kama njia si salama, na wakikataa kwenda, hakuna anayekwenda. Safari hii walikubali. Nilibeba sabuni kidogo, na telefone ya mradi, na betri ya akiba niliyoichaji kwa jirani mwenye sola.

Mpaka kijitoni walikuwa wanapiga kelele tupu. Walimsema mume wa huyu, walimsema mkwe wa yule, walinisema na mimi kwamba nitaolewa na rula. Tulipovuka maji na kuanza kupanda, maneno yakapungua, yakawa neno mojamoja, kisha yakakatika. Maisha yangu yote nimekuwa mimi peke yangu ninayenyamaza kati ya watu wanaoongea. Pale kundi zima likawa kama mimi. Nilisikia pumzi tu, na chumvi ikisugua ndani ya mifuko.

Nilichokiona ni hiki, na ndicho kilichonifanya baadaye nikatae. Kwenye Nyamaza hakuna pahali pa kutua. Beseni la chumvi huwezi kulishusha kichwani peke yako. Anahitajika mwenzako alipokee, na wote wawili mnahitaji kusimama sawasawa. Kule njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Ukianza, umeanza. Unakwenda mpaka kwenye jiwe moja kubwa lililoinama, ambalo mbele yake kuna uwanja mdogo, na hapo ndipo shingo inapopona. Nilikuwa nyuma ya Mama. Niliiona mishipa ya shingo yake ikitetemeka kama nyuzi.

Tulikutana na mzee mmoja wa juu, anashuka na ng'ombe wake. Akawabana ng'ombe ukutani tupite.

"Bamama, mulishafika."

"Asante, papa," Mama akasema, na alisema kwa uso wa kupendeza kabisa. Mzee alipopita, Mama akaniambia bila kugeuka, maana kugeuka haiwezekani, "Uliona? Uongo muzuri ile." Hayo, na ile asante, ndiyo maneno pekee aliyosema mpaka jiweni.

Chini ya jiwe ndipo wanapolala, kwa kuwa baada ya Nyamaza miguu haiendi tena. Jiwe linakinga kichwa, miguu inabaki nje. Mvua ilikuja. Kati yetu kulikuwa na mama mmoja mgeni wa biashara hii, aliyehamia Baraka kutoka mbali. Alikuwa amebeba kupita kiasi, kwa sababu alipouliza alijibiwa kama nilivyojibiwa mimi. Wenye mazoea waliiweka chumvi yao ndani kabisa, wao wakajipanga nje. Ya kwake haikupata nafasi. Asubuhi mfuko ulikuwa umelegea kama titi la mzee, na chini yake maji meupe yalikuwa yanateremka kwenye jiwe kurudi tulikotoka. Yule mama aliyaangalia. Alichovya kidole, akaonja. Kisha akajitwisha kilichobaki.

Nilirudi na namba zote. Nikachora upya. Kwa siku nyingi sebule yetu ilikuwa karatasi tupu, wadogo zangu walikula wamesimama. Nilichora ziwa chini kushoto na mitumbwi, mihogo, madaraja ya miti, kile kijito, ng'ombe wenye pembe ndefu juu kabisa. Kwenye Nyamaza nilichora bamama wakipanda mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyetua. Mstari wa profili pale ulisimama kama ukuta. Niliusogelea, nikasogea mbali nao, nikasema: ndiyo wewe.

Bironi, yaani ofisini kwake, Papa Injeniya alivaa miwani. Alizisifu picha, na sifa zilinipendeza, sitasema uongo. Alipofika kwenye Nyamaza kidole chake kikasimama.

"Hapa ulizidisha, binti."

"Namba ni za telefone, Papa."

"Namba iko sawa. Skeli njo haiko sawa." Akanionyesha: kwenda kulia sentimita moja ilikuwa kilomita nzima, lakini kwenda juu sentimita moja ilikuwa metre mia moja tu. "Umevuta mulima kama vile mutu anavuta mupira." Akachukua rula, akachora mstari mwingine chini ya wangu, skeli ileile kwa kulia na kwa juu. Ukatokea mstari uliolala karibu kabisa na karatasi, umeinua kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akiwa kitandani. "Huu njo ukweli."

Nilikwenda kufanya hesabu nyumbani mara tatu nikitafuta kosa lake. Halikuwapo. Kwa hesabu, alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hilo.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale bironi aliendelea, kwa upole, maana si mtu mbaya. Alisema kamati ikiona ukuta ule, itaogopa, na wageni wanaotafutwa waje kutembea kwenye njia wataogopa pia. Alisema kibanda kitawekwa chini, karibu na barabara, ambapo gari litafikisha mabati. Kwani kutoka pale mpaka juu ni mwendo wa siku moja.

"Si siku moja," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Na hata bamama benu banaushushaka. Mi mwenyewe niliwauliza. Balinijibu nini? Iko karibu." Akatabasamu. "Basi na weye ushushe kidogo. Kamati inakutana, ulete ule wa kulala."

Nilikunja karatasi, nikatoka. Njiani ndipo nilipoelewa kwamba mradi mzima ulikuwa umepimwa kwa huruma za bamama, kama profili yangu ya kwanza, ila yeye hakuwa na mama wa kumcheka.

Na nilianza kutii. Hili nalo niliandike. Niliuchora mstari wa kulala kwa usafi, nikautia rangi ya kijani, na ulikuwa mzuri, mtu angeweza kuutundika sebuleni. Mama alipita na sufuria.

"Mama, juu ya nini munaambiaka watu iko karibu?"

"Juu ukimwambia mutu iko mbali, utamubebea?"

"Apana."

"Basi umupe hata neno."

"Na kama ni karatasi ndiyo inamwambia?"

Akaweka sufuria chini. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha kijinga na cha maana kwa pamoja. "Mi nikimwambia mutu iko karibu, niko naye pale. Akishindwa nitamuona. Nitamupokea beseni, nitamupa maji. Sasa hii karatasi yako itamupokea beseni?"

Kisha akaenda kupika. Mimi nikauondoa ule wa kijani mezani. Sikuuchana, karatasi ni ghali. Nyuma yake nilifanya mazoezi ya kemia.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Walikuwapo wafanyabiashara wa ziwani, wawakilishi wa vijiji, na watu wa juu wawili waliokuja na pikipiki, suruali zimejaa vumbi mpaka magotini. Wa bamama wa chumvi aliingizwa mmoja kwenye kamati, yule jirani yetu. Mama na wenzake walisimama dirishani. Papa Injeniya akakunjua karatasi yangu mbele ya wote, kwa fahari, na aliponiona Nyamaza imesimama palepale, akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu.

"Binti, nilikuambia nini?"

"Uliniambia niushushe."

"Na?"

"Siushushi, Papa."

Alidhani hakusikia vizuri. Mwenyekiti akauliza kuna nini pale mbele. Papa Injeniya akaeleza, na alieleza kwa haki: kwamba namba ni sahihi, kwamba mchoro umevutwa, kwamba mchoro usiovutwa ungeonyesha njia ya kawaida ya kupanda siku moja. Mwenyekiti akanigeukia. "Aliyechora aseme."

Watu wote wale. Niliiangalia karatasi, sikuangalia mtu. Nikaweka kidole kijitoni.

"Kutoka hapa," nikasema, kisha nikapeleka kidole juu polepole mpaka jiweni, "mpaka hapa, hakuna pahali pa kutua. Papa anasema mstari wa kweli umelala. Ni kweli, nilihesabu. Lakini anayeuona umelala atabeba mzigo wa njia tambarare. Na hapa," nikagonga jiwe, "ndipo watu wanalala nje na chumvi inayeyuka."

Mmoja wa watu wa juu akakohoa. "Lakini kwa kweli, pale haiko mbali sana. Ukishapita mawe..."

"Papa," jirani yetu akasema, "weye unapandaka na pikipiki, na kwa njia ingine."

Dirishani wakacheka, na yule bwana mwenyewe akacheka, akajifuta vumbi kwenye goti. Jirani hakumaliza. Alisimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Niulize kitu kimoja tu. Nani hapa alishaacha chumvi yake kwenye lile jiwe?"

Mikono ya dirishani ikainuka yote. Ndani ukainuka mmoja, kisha wa pili, wa mzee mfanyabiashara ambaye kila mtu alidhani hajawahi kutembea. "Wakati nilikuwa kijana," akasema, kama anajitetea. Mmoja wa wale watu wa juu naye akainua, akasema yeye chumvi alikuwa ameinunua tayari, kwa hiyo ilimwuma mara mbili.

Walijadili mpaka njaa. Wengine walisema mabati hayatafika kule. Mama akasema kutoka dirishani, kwa sauti ambayo sikuirithi, "Tunapandishaka chumvi, tutashindwa bati?" Mwishowe mwenyekiti akasema kibanda kitakuwa jiweni, na akaandika.

Watu walipotoka, Papa Injeniya alibaki anakunja miguu ya meza. Nikabaki na mimi, kwa sababu ramani ilikuwa yangu kuimalizia.

"Iko ramani ingine," akasema. "Ya kutoka Fizi mpaka Lulimba. Nilikuwa nataka nikupe weye."

Nilijua. Alishanionyesha rangi mpya za kazi hiyo, zilikuwa bado kwenye karatasi yake ya nailoni. Nilikuwa nimeshaanza kuota rangi ya udongo wa Lulimba.

"Nitatafuta mutu anasikiaka."

"Sawa, Papa."

Iliniuma, na bado inaniuma, na ningerudishiwa siku ile ningefanya vilevile. Wapo wanaosema shuleni kwamba nilijifanya mkubwa. Waseme. Na dada wa darasa la juu alisema msichana mpole akianza ukaidi hana breki. Hilo nililipenda.

Papa Injeniya alikuwa na ombi la mwisho, na lilikuwa la haki. Ramani ingechapwa na kutundikwa sokoni, pale mizigo inapofungwa. Alitaka chini ya profili niandike kwamba urefu umeongezwa, asije mtu wa elimu akasema mradi haujui hesabu. Nilikubali, kwa kuwa ni kweli. Nilikaa mezani kwake, nikachukua kalamu nyembamba, nikaandika kwa herufi zangu za magunia, zilizonyooka:

*Kwenye mchoro huu mlima umevutwa kwenda juu. Beba kidogo.*

Alisoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Neno la kwanza iko skeli," akasema. "La pili haiko skeli."

"Najua, Papa."

Alingoja nilifute hilo la pili. Nilifunga kalamu, nikaiweka kwenye kikombe chake pamoja na nyingine, nikasubiri wino ukauke.